Ukihama kuvuka Ruvuma, mbwa wako naye ni amana

LEO tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kuguswa katika mimbari zetu, nalo ni hali ya mbwa wa nyumbani pale familia inapohama nchi.

Watu wa Masasi na Newala si wageni wa kuhama. Ng'ambo ya Mto Ruvuma wapo Wamakonde, Wamakua na Wayao ambao ni ndugu wa damu wa hawa wa huku kwetu. Wapo waliovuka kuja Tanzania wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, na wapo waliorejea baada ya nchi hiyo kupata uhuru mwaka 1975. Zamani hizo mvukaji alipanda mtumbwi na mzigo wake kichwani, na mbwa, kama alikuwapo, aliogelea au aliachwa ukingoni. Wazo la kujenga daraja lilitokana na Mwalimu Nyerere na Samora Machel mwaka huo wa 1975, lakini jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005 na Rais Mkapa, ambaye ni mzaliwa wa Lupaso, Masasi, pamoja na Rais Guebuza. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa Mei 2010 pale Mtambaswala, katika wilaya ya Nanyumbu iliyomegwa kutoka Masasi. Tangu hapo mtu huweza kupakia magodoro, masufuria, watoto na mbwa katika gari moja, akatokea Negomano, kisha akaelekea Mueda. (Tangu Oktoba 2017 jimbo la Cabo Delgado limekumbwa na mashambulizi ya watu wenye silaha. Asiondoke mtu kabla ya kuuliza hali ya njia siku ile ile ya safari.)

Huenda msomaji akauliza, kuna haja gani ya Mwislamu kuhangaika na mbwa? Jibu liko shambani. Mkulima wa muhogo na karanga katika uwanda wa Makonde anajua nguruwe pori na nyani wanavyoweza kumaliza jasho la msimu mzima kwa usiku mmoja au mchana mmoja. Mtume (S.A.W.) alipotahadharisha kwamba mwenye kufuga mbwa hupungukiwa thawabu kila siku, aliwatoa katika hukumu hiyo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wakakisia hapo mbwa wa kulinda nyumba. Qur'ani nayo imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa katika Suratul Maida, aya ya 4, na katika Suratul Kahf imemtaja mbwa aliyejinyoosha mlangoni mwa pango la vijana wema. Basi mbwa aliyekulindia shamba miaka sita ana haki juu yako, wala haki hiyo haikomi siku unapofunga virago.

Desturi mbaya iliyopo ni kumwacha. Watu huondoka alfajiri, mbwa akabaki analala mlangoni mwa nyumba tupu. Siku ya tatu anaingia jalalani, na baada ya miezi michache ameungana na mbwa wengine wasio na mwenyewe na wasiopata chanjo. Hapo ndipo kichaa cha mbwa kinapopata njia. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu wote kutokana na kuumwa na mbwa, na miongoni mwao watoto ni wengi. Virusi husafiri katika mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na dalili zikishatokea mgonjwa haponi isipokuwa kwa nadra mno. Aliyeumwa anatakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kukimbilia hospitali kupata chanjo siku hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 2010 Shirika hilo lilisaidia mradi mkubwa wa kuchanja mbwa kusini-mashariki mwa nchi yetu, ikiwamo mikoa ya Lindi na Mtwara, pamoja na Pemba. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Anayemtelekeza mbwa wake anaipunguza hesabu hiyo, na atakayeumwa ni mtoto wa jirani aliyemwachia funguo.

Asiyeweza kusafiri naye amkabidhi mtu mwenye shamba na mwenye huruma, tena kabla ya safari, ili mbwa amzoee. Asimwuze. Ipo hadithi sahihi inayokataza thamani ya mbwa, na katika madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wa pwani na kusini, biashara hiyo haisihi. Mwachie bure, na umpe cheti cha chanjo.

Anayesafiri naye aanze kwa daktari wa mifugo wa wilaya, si siku ya kuondoka bali miezi kadhaa nyuma. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 haimtazami mbwa kama mzigo wa kawaida. Inahitajika chanjo ya kichaa, cheti cha afya na kibali cha kumtoa nchini, na upande wa pili uwe umekubali kumpokea. Nchi nyingi hutaka chanjo iwe imetimiza mwezi na isiwe imepitisha mwaka. Kwa walio na ndugu Ulaya na wanaodhani taratibu ni hizo hizo, wajue kwamba kwa mbwa atokaye Tanzania Umoja wa Ulaya hudai chipu ya utambulisho chini ya ngozi, chanjo, kisha kipimo cha damu kinachochukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, na kusubiri miezi mitatu tangu damu ilipotolewa.

Sasa tuje ndani ya gari, maana hapa ndipo familia nyingi hukwama. Baba anasema mbwa ni najisi, basi afungwe kamba juu ya pikapu au atiwe katika buti. Huo si ucha Mungu. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na ndani ya buti au gari lililofungwa juani joto humwua upesi. Kamba nayo humnyonga akiruka. Mwekee kizimba chenye hewa nyuma ya viti, juu ya turubai lake, na bakuli lake peke yake. Katika Shafii najisi yake huhama kwa unyevunyevu. Kikavu kikigusa kikavu hakuna la kuoshwa. Mate yakidondokea nguo au kiti, paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Misala na nguo za kuswalia zikae mbele. Madhehebu ya Maliki yanamhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara, kwa hiyo mkikutana njiani na anayefuata rai hiyo msigombane.

Kuhusu maji, watu wa Newala hawahitaji kuhadithiwa. Uwanda ule hauna mito juu yake. Maji ya mvua huzama katika mchanga, na vizazi kwa vizazi akina mama waliteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi, hadi mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyapandisha kwa pampu katika miaka ya 1950. Watu wa namna hii wataelewa upesi suala hili la fiqhi: msafiri amebakiwa na dumu moja, adhuhuri imeingia, na mbwa wake anahema kwa kiu. Wanazuoni wa Shafii wameeleza kwamba maji yanayohitajika kwa kiu ya mnyama mwenye heshima kisheria hayatumiwi kwa udhu, mwenyewe atatayamamu. Mbwa wa kazi asiye na kichaa wamemhesabu katika wanyama hao. Na nani asiyeijua hadithi ya aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika khofu yake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake?

Mlishe kidogo, saa kadhaa kabla ya kuondoka, na msimame kila baada ya saa mbili, naye akiwa katika mnyororo. Mkifika, msimfungue siku hiyo. Mbwa aliyehamishwa hutafuta njia ya kurudi alikotoka, na ukingo wa Ruvuma una mamba. Mfungeni karibu na mlango kwa wiki moja au mbili, alishwe na mtu yule yule aliyekuwa akimlisha nyumbani.