Aliyekuja Kuchukua Peni

Zaburi ya 78 yatuagiza tusiwafiche watoto matendo ya Bwana. Je, kanisa changa lisaidiwe vipi kufanya hivyo? Sisi wa makanisa ya zamani huwapelekea wenzetu mabati, na ni vyema, maana mvua haingoji. Lakini tuwatazame Wamethodisti wa Bristol, Uingereza. Mwaka 1742 walikuwa na deni la nyumba yao ya ibada. Mmoja wao akashauri kila mtu atoe peni moja kwa juma. Yeye mwenyewe alikubali kuwazungukia maskini kumi na mmoja, na asiye na kitu amlipie. Waliokwenda kukusanya peni wakayaona mengine: huyu mlevi, yule agombana na mkewe. John Wesley akafurahi sana. Ndipo vikapatikana vikundi vya kuchungana kila juma. Vilizaliwa katika deni!

Basi tunapochangia kanisa jipya, tumtume na mama au mzee mmoja akae nao miezi kadhaa. Apige hodi nyumba kwa nyumba, awajue watoto kwa majina, amzoeze kijana wa hapo hapo kuifanya kazi hiyo atakapoondoka.