Je, Wajua? Kitumbua Hakina Gluteni

Anayetafuta chapati za maji zisizo na gluteni kwa kifungua kinywa cha familia hana haja ya unga wa pakiti wa bei ghali; kitumbua kipo. Mchele ulioroweshwa usiku kucha, ukasagwa na tui, hamira, sukari na iliki, hauna ile protini ya ngano na shayiri inayowadhuru wenye ugonjwa wa seliaki. Utaambiwa bila gluteni hakishikani. Mbona kinashikana? Wanga wa mchele huganda kwa joto la chuma cha vitumbua na kunasa mapovu ya hamira. Kimege, utaviona vitundu. Pingamizi lenye uzito ni jingine: wapishi wengine huchanganya unga wa ngano kidogo, au hutumia mafuta yaliyokwisha kukaangiwa maandazi.