Jangwa la Juu Mlimani Kilimanjaro

Wako wadhanio ya kuwa jangwa ni joto tupu. Sivyo. Katika Hifadhi ya Kilimanjaro, baina ya Kibo na Mawenzi, liko jangwa lipitalo kimo cha mita 4,000. Hewa yake ni nyepesi na kavu: mchana haizuii ukali wa jua, wala usiku haiwezi kuhifadhi joto, maji huganda.

Basi atakaye kupanda achague miezi ya ukavu, yaani Januari na Februari, au Juni hata Oktoba. Machi mpaka Mei ni masika, na njia huteleza. Hata wakati wa ukavu achukue nguo za sufu, koti la mvua, kofia na maji ya kutosha. Nao wachukuzi wa mizigo wavikwe vivyo hivyo, maana baridi haichagui mgeni wala mwenyeji.