Kasi za USB katika Maelezo ya Maunzi

Kompyuta inapowashwa, mfumo endeshi hauna budi kuyatambua maunzi yaliyopo. Kipanya au flashi unayoichomeka kwenye tundu la USB hujitambulisha yenyewe. Lakini kidhibiti cha USB kilichomo ndani ya simu au kompyuta ya bodi moja mara nyingi hakiwezi kujitambulisha. Ndiyo maana Linux husoma faili la maelezo ya maunzi liitwalo mti wa vifaa.

Ndani ya faili hilo, kikomo cha kasi huandikwa hivi:

maximum-speed = "high-speed";

Thamani za msingi unazopaswa kuzikumbuka ni hizi:

(a) low-speed: megabiti 1.5 kwa sekunde
(b) full-speed: megabiti 12 kwa sekunde
(c) high-speed: megabiti 480 kwa sekunde (USB 2.0, mwaka 2000)
(d) super-speed: gigabiti 5 kwa sekunde (USB 3.0, mwaka 2008)
(e) super-speed-plus: gigabiti 10 kwa sekunde (USB 3.1, mwaka 2013)

Kwa nini kikomo kiandikwe?

Kidhibiti kinaweza kumudu gigabiti 5, lakini mtengenezaji wa bodi akawa ameunganisha nyaya za USB 2.0 peke yake. Kikomo kisipoandikwa, mfumo endeshi huchukulia kwamba uwezo wote wa kidhibiti unatumika. Matokeo yake, kidhibiti kinaweza kushindwa kuanza kazi. Kwa hiyo, kikomo hueleza uwezo wa bodi nzima, si wa kidhibiti pekee.

Orodha ya thamani zinazokubalika huwekwa kwenye nyaraka za Linux. Ukiandika neno lisilomo kwenye orodha hiyo, programu ya ukaguzi italionesha kosa kabla bodi haijawashwa.

Zingatia: Usidanganywe na majina. Full-speed si kasi kubwa kuliko zote. Jina hilo lilitolewa mwaka 1996, wakati megabiti 12 ndizo zilizokuwa kilele. Kosa hili programu ya ukaguzi hailioni, kwa kuwa neno lenyewe limo kwenye orodha.

Swali: Tundu la USB 2.0 limewekewa kikomo cha "full-speed" badala ya "high-speed". Kokotoa muda wa chini kabisa wa kunakili faili la megabaiti 600 katika kila hali.

Jibu: Baiti 1 = biti 8, hivyo 600 × 8 = megabiti 4,800.
High-speed: 4,800 ÷ 480 = sekunde 10.
Full-speed: 4,800 ÷ 12 = sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40.

Neno moja limeongeza muda mara 40, ilhali maunzi hayana hitilafu yoyote. Katika mtihani, kumbuka kubadili baiti kuwa biti kabla ya kugawanya. Wengi hupoteza alama hapo.