Je, Wajua? Kiendeshi Kinaweza Kusoma DVD na Kukataa CD

Kiendeshi cha diski cha kompyuta husoma kwa mwale wa leza. Chenye uwezo wa kusoma CD na DVD huhitaji miale miwili: wa CD una urefu wa wimbi wa nanomita 780, wa DVD 650. Mmoja ukidhoofika, mwingine huendelea kufanya kazi. Kwa hiyo kiendeshi kikisoma DVD vizuri na kukataa kila CD, hakuna sababu ya kulaumu diski.

Kiendeshi kikishindwa kusoma diski kwenye nyumba za Mazwi, mjini Sumbawanga, cha kushukiwa kwanza ni vumbi. Uwanda wa juu wa Ufipa hukaa bila mvua tangu Mei hadi Oktoba hivi, na upepo huingiza udongo mkavu hadi vyumbani. Lenzi ambayo mwale hupitia ni ndogo kama punje ya dengu. Utando mwembamba tu hutosha kuutawanya mwale. Husafishwa kwa pamba yenye spiriti kidogo, bila kukandamizwa, umeme ukiwa umezimwa. Diski nayo hufutwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwani mkwaruzo unaofuata njia ya data hudhuru kuliko unaoikatiza.

Kiendeshi kisipoonekana kabisa kwenye kompyuta, hukaguliwa kebo ya data na ya umeme. Trei ikigoma kufunguka, mara nyingi mkanda wake wa mpira umelegea; kompyuta ikiwa imezimwa, waya mwembamba ukisukumwa kwenye kitundu cha mbele huitoa trei pamoja na diski iliyonasa.