Kabla kiwanda hakijawasha moto



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu pesa ya MUSO, mama mmoja aliuliza jambo ambalo wengi wetu tunalifikiri bila kulisema. Karibu na kwake watu wamepima kiwanja, wameanza kujenga ukuta mrefu, na majirani wanasema kitakuwa kiwanda. Kiwanda cha nini? Hakuna anayejua. "Sisi tuna haki ya kuuliza," akasema, "ao ni mambo ya wakubwa tu?"

Haki iko. Lakini ina wakati wake, na wakati ule ukishapita, kuitafuta kunaweza kumaliza miaka mingi ya maisha yenu.

Tusianze na woga. Sisi wa Bagira si wageni wa viwanda. Bralima ilijengwa hapa kwetu. Kuna watoto waliosomeshwa na mshahara wa pale, na kuna nguruwe wengi mjini walionona kwa dreshi ya pombe. Anayesema kila kiwanda ni adui hajapata kutafuta chakula cha nyumba ya watu nane. Lakini mlima wetu unateremka kwenye Ziwa Kivu. Kinachomwagwa juu kinashuka: kwenye mtaro, kwenye kijito, pale watoto wanapochota maji siku robine ya REGIDESO imekauka.

Sasa nisikilizeni habari ya mama mmoja wa Kenya.

Katika mji wa Mombasa kuna mtaa wa watu maskini unaoitwa Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda kilianza kazi ukutani kabisa kwa nyumba za watu. Kilikuwa kinayeyusha betri za magari zilizokwisha, ili kutoa risasi, ile madini nzito iliyo ndani ya betri. Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri mama kijana, Phyllis Omido, awe kiungo kati ya kampuni na majirani. Kati ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusimamia utafiti wa madhara ya kiwanda kwa mazingira. Angalieni tarehe, wamama: moshi ulikuwa umetoka miaka miwili, na utafiti ndio ulikuwa unaanza.

Wataalamu walisema kiwanda hakifai kuwa katikati ya watu. Omido akawashauri wakubwa wake wakihamishe. Walimwondoa kwenye kazi ile. Kiisha mtoto wake mdogo akaugua sana, na waganga hawakujua ni ugonjwa gani, mpaka damu ilipopimwa. Ilikuwa risasi. Munganga alimwambia kwamba sumu huenda ilipita kwenye maziwa yake mwenyewe.

Hapa nisimame kidogo, sababu najua neno hili litatembea avenyu zote. Maziwa ya mama bado ni chakula bora cha mtoto mchanga, msiache kunyonyesha. Ubaya ulikuwa kwenye hewa na vumbi ambalo mama yule alikuwa anavuta kila siku. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwili wa mtoto mdogo unapokea risasi iliyomezwa mara nne ao tano kuliko wa mtu mzima, na inaharibu ubongo. Kwa hiyo tukiona vijana wanapasua betri za zamani za sola ao za gari uani, tuwaondoe watoto pale.

Omido aliacha kazi, akaungana na wamama wa mtaa. Waliandika barua, walitembea barabarani. Mwaka 2012 alikamatwa na kushitakiwa, korti ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 korti ya Mombasa iliamua wakaaji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1,3. Na sikieni hili: sehemu kubwa kuliko zote, 40 kwa mia, korti iliiweka juu ya NEMA, ofisi ya serikali yenye kazi ya kulinda mazingira. Mwenye kiwanda alipewa sehemu ndogo kuliko hiyo. Mwaka 2023 korti ya rufaa ikafuta hukumu, na Desemba 2024 Korti ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka tanuri ilipowashwa alikuwa na miaka 17.

Sheria haikukosekana Kenya. Tangu 1999 ilikuwa inadai utafiti ufanyike kabla. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema, "Karatasi iko wapi?"

Kwetu Kongo sheria iko vilevile. Katiba, kwenye kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na inamdai kuyatetea. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inasema mradi unaoweza kuharibu mazingira unapaswa kwanza kufanyiwa utafiti wa madhara kwa mazingira na kwa watu, pamoja na mpango wa kupunguza madhara hayo. Utafiti ule unapelekwa kwa ACE, Shirika la Kongo la Mazingira, lililoundwa mwaka 2014, ili liuchunguze. Kiisha kuna ruhusa ya kuendesha kiwanda chenyewe. Viwanda vyenye hatari kubwa vinaomba permi. Vile vidogo vinajiandikisha tu kwa serikali.

Na katikati ya hayo kuna mlango wetu. Kifungu cha 24 cha sheria ile kinataka uchunguzi wa wazi: watu wa pale wajulishwe, wasikilizwe, watoe mashauri yao, hata kama ni ya kupinga. Ni huo wakati niliousema.

Shida ni kwamba tangazo linabandikwa ukutani kwa Kifaransa, na sisi tunapita na beseni kichwani. Kwa hiyo mama aliyeuliza, na majirani zake, waende pamoja, si mmoja mmoja, kwa shefu wa kartie na kwa komini. Waulize kama utafiti umefanywa na uchunguzi wa wazi unafungwa tarehe gani. Waombe muhtasari wa utafiti. Kitabu chote ni kinene na kitawachosha. Mtoto wa mtu anayesoma inativu awasomee. Swali la kwanza liwe la maji: machafu yatapita mtaro gani na kusafishwa wapi. Kiisha moshi, kelele za usiku, na malori kwenye barabara ya masomo. Waandike barua fupi, watie sahihi wote, wabaki na kopi yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Maneno ya mdomo yanasahauliwa, muhuri unabaki.

Na sisi wenyewe tunaofanya sabuni? Mama mmoja alicheka nilipotaja hili, lakini maji ya soda kostiki tunayomwaga nyuma ya nyumba yanashuka mlima uleule. Kikundi kikianza kuwa na mashini na kuajiri watu, kiulize komini kama kinapaswa kujiandikisha. Siku moja mkaguzi atakuja, na ni vizuri akute karatasi kuliko akute wamama wanaotetemeka na bahasha.

Mama aliyeuliza amekubali kupita kwenye komini na wenzake wanne kabla ya kikao kijacho. Mwenye mtoto anayesoma Kifaransa vizuri amlete siku hiyo, tutasoma pamoja watakachorudi nacho.