Kabla hujaposti mazabodi, ijue kwa majina yake yote

Leo naongea na wale mnaouza vipuri vya kompyuta mtandaoni, hasa mazabodi zilizotumika. Matangazo mengi yanaandikwa hivi: "Mazabodi ya Intel, ipo vizuri, bei poa, njoo inboksi." Anayejua vitu anapita zake. Asiyejua ananunua, halafu kesho yake simu inaita: kaka, mbona haiwaki? Mzigo uliopanda basi kwenda Mbeya unapanda basi kurudi, nauli mara mbili, na hela yako ya mtaji imekaa barabarani wiki nzima.

Mazabodi ni ule ubao mkubwa ndani ya kompyuta ambao kila kitu kinachomekwa juu yake: prosesa, rami, diski, nyaya za umeme. Mteja akikuuliza "itanifaa?" hilo ni swali moja mdomoni, lakini ndani yake kuna maswali manne au matano. Ukiweza kuyajibu kwenye tangazo lenyewe umeshajitofautisha na nusu ya washindani wako.

Anza na jina la modeli. Limechapwa kwenye ubao wenyewe, mara nyingi katikati au karibu na nafasi za rami. Liandike lote, mpaka herufi ya mwisho. ASUS wana H110M-K na wana H110M-K D3. Ya kwanza inatumia rami za DDR4, ya pili DDR3. Ukiacha hiyo D3 kwa uvivu wa kuandika, umeuza kitu kingine. Kama kompyuta bado inawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, utaliona jina bila kufungua skrubu hata moja.

Halafu soketi, yaani kile kitanda cha prosesa. Kwa Intel jina linaanza na LGA na namba inayofuata ni idadi ya pini. LGA1155 ni ya prosesa za kizazi cha 2 na cha 3. LGA1150 kizazi cha 4. LGA1151 kuanzia cha 6 mpaka cha 9. LGA1200 ni cha 10 na cha 11, na LGA1700 ni cha 12 mpaka cha 14. Kizazi unakisoma kwenye jina la prosesa: i5-6500 ni cha 6, i5-10400 ni cha 10.

Sasa hapo kwenye LGA1151 ndipo watu wanapoumia. Soketi jina moja, pini idadi moja, lakini kuna familia mbili ambazo hazielewani. Kinachozitenganisha ni chipseti, ile chipu inayoongoza mawasiliano ya bodi nzima, na jina lake huwa limo ndani ya jina la modeli. Bodi za H110, B150 au B250 zinakubali kizazi cha 6 na cha 7. Bodi za H310, B360 au Z390 zinakubali cha 8 na cha 9. Mteja mwenye i5-8400 akinunua H110, prosesa itaingia vizuri kabisa, mlango utafunga, feni itazunguka, na skrini itabaki nyeusi. Yeye ataamini umemuuzia bodi mbovu, na huwezi kumlaumu. Kwa hiyo ukiandika "LGA1151" peke yake hujamaliza kazi, ongeza vizazi.

Kuna jambo la bayosi pia. Bayosi ni programu ndogo iliyokaa ndani ya bodi, ndiyo inayoamka kwanza na kuitambua prosesa. H110 yenye bayosi ya zamani haiitambui prosesa ya kizazi cha 7 mpaka isasishwe. Upande wa AMD ni vilevile: bodi ya B450 inaweza kubeba Ryzen 5 5600, ila bayosi iwe mpya. Mimi husasisha kabla ya kuuza, na naitaja kwenye tangazo. Ni kazi ya dakika chache, hakikisha tu umeme hautakatika katikati, maana bodi inaweza kufa hapohapo.

Rami hazina mjadala mrefu. DDR3, DDR4 na DDR5 kila moja ina pengo lake sehemu tofauti, haziingiliani. Usikisie kwa kuangalia soketi, kwa sababu LGA1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5. Soma maandishi pembeni ya nafasi ya rami.

Umbo nalo lina kesi zake. ATX ni kama sentimita 30.5 kwa 24.4, Micro ATX ya kawaida ni 24.4 kwa 24.4, Mini ITX ni 17 kwa 17. Pawa saplai ya kawaida ina plagi ya pini 24. Lakini bodi zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisini zina mambo yake: Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, plagi yake kubwa ni ya pini 8, haikubali ya kawaida bila adapta. Bodi hizo ni imara na bei yake ni nzuri, ila sema ukweli mapema.

Nikirudi kwenye hela, eneo la kuogopa zaidi ni pini za soketi. Kwenye LGA pini ziko kwenye bodi, nyembamba kama unywele, na kidole kimoja kinatosha kuzipinda. Bodi ikirudi na pini zimepinda, nani kazipinda? Bila ushahidi mtabishana mpaka mchoke. Kabla ya kufunga mzigo napiga picha ya soketi kwa juu na kwa pembeni, mwanga wa kutosha, namba ya siri ya bodi ionekane. Narekodi video ikiwaka mpaka bayosi. Namtumia mteja vyote kabla basi halijaondoka. Kisha naweka kifuniko cha plastiki juu ya soketi, naingiza bodi kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, ule wa kijivu unaong'aa, ndipo liingie boksi na sponji. Usiiwashe bodi ikiwa juu ya mfuko huo, nje yake unaweza kupitisha umeme. Iweke juu ya boksi la karatasi ngumu.

Mteja akipiga kwamba haionyeshi picha, usikimbilie kusema rudisha. Muulize kama amechomeka plagi ya pili ya umeme, ile ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. Wengi huisahau. Muulize kama prosesa ina F mwishoni, kama i5-10400F. Hiyo haina grafiki, bila kadi ya grafiki skrini haitaonyesha kitu. Kama ana kadi, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi. Mwambie atoe rami zote, aache moja, ajaribu nafasi nyingine. Vipini vidogo vya kuwashia viko pembeni mwa ubao: waya wa swichi unaingia upande wowote, wa taa ndio una chanya na hasi. Hapo simu nyingi zinaishia, na mzigo haurudi.

Tangazo langu huwa linakaa hivi, nakili ukipenda:

"ASUS H110M-K, iliyotumika. Soketi LGA1151, prosesa kizazi cha 6 na cha 7 TU. Rami DDR4, nafasi 2. Micro ATX, pawa saplai ya kawaida ya pini 24. Bayosi imesasishwa, imejaribiwa na i5-7500. Betri ya CR2032 mpya. Haina kibati cha nyuma. Picha za pini na video zipo. Kabla ya kulipa, nitajie prosesa na rami ulizonazo."

Hiyo sentensi ya mwisho usiifute hata kama mteja ana haraka.